Kulabu Niliyoishika Kizingitini

Mtani,

Nilikufundisha kusoma mimi mwenyewe, kwa chaki na kwa makelele, kwa hiyo huna kisingizio. Huko uliko usitafute mtu wa kukusomea. Mwandiko wangu unaujua. Uliucheka miaka minne, ukisema unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino.

Tatu ameondoka jana. Mjukuu wako amepanda treni kwenda kuanza kidato cha kwanza Tabora, na mfuko wake anao. Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu najua usingesikiliza neno jingine kabla hujalisikia. Sasa tulia nikueleze ulivyonitenda.

Siku ya mazishi yako nilikuja kama mtani. Kwa utani wa makabila yetu, Mnyamwezi akifiwa na Mzaramo ana kazi ya kufanya, na kazi yenyewe si kulia. Kulia nilikwisha kulia asubuhi, nyuma ya stoo ya shule, nikanawa uso, nikaja kwako Tandika. Nikajifunga kanga yako kiunoni. Nikaingia ukumbini, nikachukua kutoka kwenye mkeka wako kulabu yako ya mpingo na ule mfuko ulioufuma ukauacha nusu, nikaenda kukaa kizingitini, miguu nimeitandaza, jeneza lisipite. Nikajifanya nafuma, ulimi nimeutoa pembeni kama ulivyokuwa ukiutoa wewe. "Huyu hatoki!" nikapiga kelele. "Jana kanitukana, sijamrudishia! Nikomboleni, la sivyo tutashinda hapa!" Wanaume waliobeba jeneza wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Shehe akatazama saa yake, lakini hakunifukuza, maana naye ana watani wake.

Unajua kinachofuata siku zote. Mtani hupewa kuku, akarudisha alichoshika, akapisha. Nilikuwa nimeshamchagua kuku wangu, yule jogoo wako mwekundu mwenye majivuno. Lakini Zuhura, binti yako, akatoka chumbani macho yamemvimba, akanitazama kuanzia kanga mpaka kulabu, akasema, na nusu ya mtaa ikamsikia:

"Mtani, leo hatukomboi. Ulichoshika ni chako. Ila mama kamwahidi Tatu mfuko wa kwendea shule, na mtoto anaondoka baada ya wiki sita. Kulabu yako, na kazi yake yako."

Halafu shoga yako Bi Somoe akacheka, machozi yanamtiririka, na kina mama wote wa ndani wakampokea. "Mpagazi kapata mzigo!" wakapiga kelele, maana babu zangu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara. Mtani, nimebishana na wakaguzi wa elimu. Nimebishana na padri wangu mbele ya waumini wake, na katibu wa tawi mbele ya wageni wake. Wote niliwashinda. Pale nikainuka nikakupisha, na mfuko wako mkononi kama mwizi aliyekamatwa akiwa na kuku.

Nakukumbusha tulikotoka, maana wewe ulipenda kuihadithia habari hii kwa kuipunguza upande wangu. Ulikuja darasani kwangu mwaka ule wa kisomo cha watu wazima, umeketi kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni, na chini ya dawati unafuma. Niliona ni dharau. Kisha nikaona unafumia nini: mifuko ya nailoni, iliyotoboka, ambayo watu wengine walikuwa wameshaitupa au kuitia kwenye moto wa kuwashia mkaa. Ulikuwa unaifua, unaianika kambani kama fulana, unaikata kitako na vishikio, unaikunja, unaikata tena ikawa pete. Pete unaipitisha ndani ya pete nyingine, unavuta, zinashikana. Hakuna fundo. Nilikuuliza kwa nini hufungi fundo, ukasema fundo ni la mtu asiyeamini.

Wakati ule mimi nilikuwa nimeandika ile barua ya gazetini. Niliandika kwamba nchi inayolima katani na kusuka ukindu haina haja ya kubebea sukari yake kwenye mfuko wa nailoni kutoka ng'ambo; kwamba kila mfuko ule ni mjumbe wa ubeberu anayeingia jikoni bila kubisha hodi. Sentensi ile bado naipenda. Na wewe, katika maandishi yote ya dunia hii, ukachagua hayo yawe ya kwanza kuyasoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Ulisoma kwa kidole, neno kwa neno, darasa zima likikungoja. Ulipomaliza ukakunja gazeti, ukasema, "Haya Mwalimu. Huyu mjumbe mie namkata, namfuma, namtuma sokoni. Wewe umemfanya nini? Umemwandikia barua."

Waliocheka siku ile wengine mpaka leo wakiniona njiani wananiuliza hali ya mjumbe.

Nilikujibu kwamba mfuko wako una matundu. Sikuwa na hoja nyingine. Ukaja nao umejaa utumbo kutoka machinjioni Vingunguti, maji yanachuruzika, nguo yako kavu, ukauning'iniza kwenye msumari wa ubao wangu. "Matundu ndiyo yanayotoa maji. Mabishano yako yangekuwa na matundu mawili matatu, tungepumzika." Somo la siku ile lilikuwa la kuzidisha. Tulilifanya huku inzi wamejaa.

Halafu ule msako wa walanguzi, balozi wetu wa nyumba kumi alipokuta kwako magunia mawili yamejaa nailoni akataka kujua ni mali ya nani na imepita mpaka gani. Nilikuja mbio. Nikasimama mlangoni kwako nikamhutubia: kama kujitegemea kuna maana yoyote, nikasema, basi maana yenyewe ni mama huyu, serikali inahubiri, yeye anatenda, ukimgusa umeligusa Azimio lenyewe. Balozi alitaka tu kuandika jina lako aende kula. Nikamfuata mpaka barabarani. Niliporudi ulikuwa umekaa palepale unafuma. "Mwalimu," ukasema, "mbona gazetini ulisema vingine?"

Sikufuta neno hata moja, si mbele yako wala mbele ya mtu. Unanijua. Katika umri wangu huu wote nimeongeza maneno tu.

Sasa zile wiki sita. Nilikwenda kwanza kwa Bi Somoe, nikamwomba amalizie. Akakataa hata kuupokea. "Alichoshika mtani hakiguswi na mwingine. Tena mie najua vya uzi, vitambaa vya makochi. Vya nailoni alijua yeye." Nikamwendea Zuhura, akasema mikono yake inajua cherehani ya kiwandani na si zaidi. Ndipo nikaelewa, mtani, kwamba katika mtaa wenye wanawake wote wale hukuwa umemwachia mtu kazi hii. Tulikuwa tunakuona kila siku, tukadhani tunajua.

Ulikuwa umefuma kitako chote na ubavu wa kimo cha vidole vinne. Nikakaa nacho barazani nikakitazama kama ninavyotazama kitabu cha lugha nisiyoijua. Siku ya tatu nikakubali kwamba kukitazama hakutoshi. Ili nijue mkono wako ulipita wapi, lazima nifumue. Na kufumua maana yake nivute mzunguko wa mwisho uliopata kuufuma hapa duniani.

Niliuacha siku mbili zaidi. Nilisahihisha madaftari yote ya shule, hata yaliyokwisha kusahihishwa. Kisha nikavuta. Kitanzi kikaachia, kikafuata kingine, taratibu, bila ubishi hata kidogo, na kila kimoja kilipokuwa kinatoka nilikiona kilivyoingia: chini, zungusha, vuta, pitisha. Nikavuta mzunguko mmoja tu, mtani. Mmoja. Nikaurudishia mwenyewe, nikaharibu, nikafumua, nikaharibu tena. Sijui mara ngapi. Mara ya kwanza niliongeza vitanzi mahali pasipotakiwa kuongezwa, ubavu ukatanuka kama gauni la bibi arusi. Mke wangu akaomba auvae. Mara nyingine nilikaza mpaka kulabu haipenyi. Nilizoea kushinda kwa kukaza. Nailoni ukiikaza inakatika.

Nikaishiwa uzi. Nikaenda kwako kutafuta nailoni, Zuhura akanifungulia gunia. Chini kabisa nikakuta kifurushi cha gazeti, ndani yake mna vipande vyekundu, vile vya mfuko wa duka la viatu, ambavyo bila shaka ulikuwa umevitunza kwa ajili ya mdomo wa mfuko wa Tatu. Nikavitoa. Gazeti lenyewe lilikuwa ile barua yangu. Na pembeni mwake, kwa herufi kubwa nilizokufundisha mimi, kila moja imesimama wima kama askari mwenye viatu vipya, uliandika neno moja: UONGO.

Nilikaa juu ya gunia nikacheka mpaka Zuhura akaja kuona kuna nini. Nimepata majibu mengi kwa barua zangu, mengine ya wasomi, kurasa tatu tatu. Hakuna lililonifurahisha kama hilo. Nimelibandika ukutani juu ya meza ninapoandikia. Kila nikimaliza sentensi kali nalitazama neno lako, mkaguzi wangu mwenye macho mekundu, na mara nyingine naifuta. Haya, nimekiri. Usimwambie mtu.

Arobaini yako imesomwa salama, watu wengi, pilau halikutosha, kama kawaida ya Wazaramo ambao hualika mtaa mzima na kupikia nyumba moja. Sabuni ilionekana dukani wiki iliyopita. Bi Somoe huwahi na ule mfuko wako mweusi, anautia jiwe ndani na kuuweka kwenye foleni kushika nafasi. Hakuna anayethubutu kuusogeza. Vijana wenye mabavu wanaosukuma vikapu vya watu wakifika hapo wanaambiwa, "Ruka, hapo pana mwenyewe." Kwa hiyo bado unapata sabuni kabla yangu.

Mfuko ulikwisha siku mbili kabla ya safari. Nauelezea bila kujisifu: kuanzia chini mpaka vidole vinne ni sawasawa, mtu akiupapasa gizani atajua ni kazi ya fundi. Kuanzia hapo kwenda juu unayumba. Upande mmoja ni mrefu kuliko wa pili, na mdomo mwekundu umepinda kama mtu anayetaka kusema jambo. Nilitaka kuufumua sehemu yangu yote nianze upya. Tatu akaninyang'anya. Akatia ndani sahani, kikombe, kandambili, sabuni ya mche, shuka lililokunjwa, na chupa ya mafuta ya nazi, maana mwanamke wa pwani haamini kwamba Tabora watu wana mafuta. Akaunyanyua juu, akautikisa. Haukuachia.

Hakuwa amelia, unajua. Tangu mazishi. Zuhura alikuwa na wasiwasi naye.

Jana tuliposhuka kwenye basi mjini, sanduku lake la bati akalishika mama yake, na mfuko akanikabidhi mimi. Nikaupachika begani. Akasimama katikati ya njia, akanitazama kwa jicho lako, lile la kushoto linalofumba kidogo.

"Babu Mwalimu, bibi alisema Wanyamwezi hawabebi begani. Kichwani."

"Bibi yako alikuwa mla nazi mwongo."

"Kichwani, mpagazi."

Basi, mtani, nikaubeba kichwani. Mimi, na suruali yangu ya kufundishia na kalamu mbili mfukoni, kutoka kituoni mpaka ndani ya stesheni, mfuko wa nailoni juu ya kichwa, katikati ya watu wanaonijua kwa barua zangu za gazetini. Mmoja wao, yule mrefu wa idara ya elimu niliyemwita kasuku, alisimama. "Mwalimu! Huyo ndiye mjumbe wa ubeberu?" Nikamwambia ndiye, na nimempa kazi. Nyuma yangu nikamsikia Tatu anacheka, kisha kicheko kikageuka. Mama yake akamshika. Alilia pale karibu na mizigo mpaka akatosheka, na alipomaliza akapiga chafya mbili kama wewe, akadai mfuko wake.

Dirishani akanyoosha mkono. Alitaka na kulabu. Alisema mimi siiwezi, mfuko wenyewe ni ushahidi.

Nikamkatalia. Nilimwambia kulabu hii niliishika kizingitini, kwa haki ya utani, na ikombolewe kwa haki. Arudi na cheti cha kidato cha nne, anikute popote nilipo, hata kama jeneza ndilo langu na yeye ndiye amekaa mlangoni. Akauliza je, aongeze na kuku? Nikasema ndiyo, mwekundu, mwenye majivuno. Treni ikaondoka. Mkono wake ulibaki nje ya dirisha, na mfuko ule uliopinda mdomo ukining'inia mkononi mwake, mpaka sikuuona tena.

Kwa hiyo naahidi hivi. Kulabu itakaa kwangu, na haitakaa bure. Asubuhi hii nimekuta mifuko mitatu iliyotoboka imetundikwa kwenye kitasa changu, imefuliwa, sijui na nani. Nimeshakata wa kwanza. Zuhura anakuja Jumatatu baada ya zamu yake kujifunza kitako, na Bi Somoe amesema atakuja kutazama tu, yaani atakuja kuchukua uongozi. Tatu akirudi atatukuta wengi. Hukumwachia mtu kazi hii, mla nazi, lakini mimi sitafanya kosa lako.

Pumzika basi. Ukikutana na mababu zangu wapagazi, wasalimu, waambie mzigo nimeupokea. Nawe ukipata kalamu huko, nijibu. Neno moja linatosha.

Mpagazi wako,
Mwalimu