Monita Mpya na Kitambaa cha Mama

Viwanja Sitini,
S.L.P. 61,
Ifakara.

21 Juni 1998

Mpendwa Kaka Fridolin,

Shikamoo kaka. Shikamoo na wifi Levina pia, maana najua barua hii ataifungua yeye kabla haijafika mkononi mwako. Hamjambo huko Lusaka? Baridi ya Juni inawatesa kama mwaka jana? Na lile goti ulilogonga kazini limepona, au bado unapanda ngazi huku ukitaja watakatifu wote? Sisi huku wote wazima, tunamshukuru Mungu. Mama ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kutugombeza iko pale pale.

Mvua za El Nino zimekwisha na maji yamerudi mtoni kwake. Mpunga wa bondeni ulizama, hatukuambulia kitu. Ule wa shamba la juu, njia ya Kiberege, umetupa kuliko tulivyotegemea. Nyumba nzima inanukia mchele mpya. Ungekuwepo ungekula mpaka ulegeze mkanda, lakini asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa nikupe habari za ile kompyuta uliyotuletea ulipokuja likizo. Usishtuke, yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni kioo chake. Siku moja wakati wa mvua niliwasha, ukatokea mstari mmoja mweupe katikati, halafu giza. Fundi wa redio alikifungua, akakitazama kwa huzuni kama daktari, akakifunga. Akasema tutafute kingine.

Kaka, nililia. Ofisi yangu ya kupiga chapa hapa chumba cha mbele ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujulikana. Mzee Kassian, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za Padre Beno, yule mtoto wa jirani zetu aliyekuwa shemasi, alikuwa ameshanipa kazi ya vijitabu vya nyimbo za misa yake ya kwanza. Nisipovitoa, kazi inakwenda Morogoro, na mimi narudi kwenye maandazi. Mzee Kassian ni mpole, lakini alianza kupita hapa kila jioni kunisalimia, na salamu zake zilikuwa zinazidi kuwa fupi.

Hapo ndipo shemeji yako Mabula aliponishangaza. Aliondoka asubuhi bila kusema neno, akarudi jioni akiwa amemuuza yule mtamba wake mwekundu. Unamkumbuka? Yule aliyekuwa akimwita mali ya wajukuu. Akaniambia tu, "Twende tukatafute hicho kioo." Tangu tuoane sijawahi kumpenda kama siku ile, na nimemwambia hivyo hivyo usoni.

Lakini kaka yake, Shemeji Obed, alipopata habari kule Malinyi alipo na mifugo, alituma ujumbe kwamba Mabula amelogwa na mke wa Kipogoro. Ng'ombe anazaa, kioo kinazaa nini? Akasema anakuja mwenyewe kukiona. Basi ukawa si mchezo tena. Kioo kikinunuliwa kibovu, mume wangu atakuwa kichekesho kwa ukoo wake wote mpaka anaingia kaburini.

Tulikwenda Dar na treni. Maagizo ya ile barua uliyoiacha ndani ya boksi la kompyuta, ya siku kioo kitakapokufa, niliyafuata yote. Nilichora lile tundu la nyuma ya kompyuta, nikahesabu vitobo vyake, na nikabeba disketi yenye ukurasa wa nyimbo za Padre Beno.

Duka la kwanza, muuzaji alitupenda kupita kiasi. Alituonyesha monita mpya ikiwa kwenye boksi lake, akataja bei, nikakohoa kuliko mama. Alipoona hivyo akaleta nyingine ya bei ya chini sana, akaisifu mpaka nikaanza kuihurumia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaikamata plagi yake nikahesabu vipini: tisa. Yetu inataka kumi na vitano. Ile isingeingia hata kwa nyundo. Bila barua yako, kaka, tungeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Duka la pili wanauza zilizotumika, zilizotolewa kwenye maofisi. Hapo zilikuwepo mbili tunazoziweza. Moja kubwa, inchi kumi na saba, inang'aa. Nyingine ya inchi kumi na nne, ganda lake limegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Shemeji yako hakutazama kioo kabisa. Alizunguka nyuma, akaipiga ile kubwa mgongoni kwa kiganja, akauliza umri wake, akauliza mwenyewe wa kwanza alikuwa na sababu gani ya kuiuza.

Muuzaji akacheka. "Mzee, huyu si ng'ombe."

"Najua," Mabula akajibu. "Ng'ombe ninaye hapa mfukoni."

Bila shaka aliipenda ile kubwa. Nikaomba watutilie disketi yangu. Kwenye ile kubwa herufi za pembeni zilikuwa zimevimba, m na n huwezi kuzitofautisha, na kona moja ilikuwa na ukijani kama maji ya bwawa. Kwenye ile ndogo herufi zilisimama wima mpaka ukingoni, unasoma Utukufu kwa Mungu bila kukunja uso. Tulibishana pale dukani mpaka wateja wengine wakasahau shida zao. Mwishowe nikamwuliza, "Mabula, maksai mnene asiyelima, utamlisha wa nini?" Akanitazama, akacheka, akatoa pesa.

Nilitaka kwanza ibaki imewashwa hapo hapo dukani kwa muda mrefu, ili tuone kama ikipata joto itaanza kuchezacheza. Haikucheza. Safari ya kurudi Mabula aliipakata njia nzima, imefungwa kwenye kitenge changu. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aliuliza mtoto ana miezi mingapi.

Tulipofika nyumbani niliiunganisha, ikawaka mara ya kwanza. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka majirani wakaja. Na mama akaja.

Sasa kaka, wewe unamjua mama yetu. Tangu alipofundishwa kufuma na masista akiwa msichana, hakuna kitu ndani ya nyumba kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, mtungi una kitambaa, hata saa ya ukutani ina kitambaa. Aliitazama ile monita na ganda lake la njano, akasikitika. Akajifungia na uzi wake. Siku aliyotoka alikuwa na kitambaa kizito, cheupe, chenye waridi jekundu katikati na ushanga pembeni, akakitandika juu ya monita kikashuka mpaka nyuma kabisa. Kaka, kilikuwa kizuri! Nikamkumbatia. Ofisi ikaonekana ofisi.

Kazi ikaanza. Asubuhi naandika, mchana naandika. Siku ya pili nikamwona Mabula amesimama nyuma ya meza, anapepea na kipande cha boksi. Nikadhani anafukuza inzi. Kesho yake yupo tena, anapepea. Nikamwambia inzi hakuna, aende shamba. Akasema yuko sawa tu, anapunga upepo. Mama aliyekuwa amekaa mlangoni na uzi wake akasema kwa sauti kwamba sasa amejua mkwe wake anaipenda kazi yangu kweli. Mabula akainamisha uso, akaendelea kupepea.

Kumbuka jinsi shemeji yako anavyomheshimu mama. Kwao Usukumani mama mkwe hakaribiwi ovyo. Miaka yote hii, mama akiingia mlango huu, yeye anatokea ule. Akiwa na jambo la kumwambia, ananiambia mimi nimwambie, na mama yuko hapo hapo anasikia.

Siku ya Jumamosi akafika Obed, na fimbo yake na kofia yake, vumbi la Malinyi mpaka kwenye nyusi. Nikamshikamoo, nikampa kiti mbele ya kioo. Mzee Kassian naye alikuwepo, anasubiri kurasa za mwisho ili apeleke parokiani kudurufu. Mama mlangoni. Mabula nyuma ya meza, anapepea kama mtu anayechoma mishikaki.

"Hiki ndicho kilichomla mtamba?" Obed akauliza.

Nikasema ndicho. Nikaanza kumwonyesha wimbo wa komunyo, na hapo hapo picha ikaanza kusinyaa. Ikarudi ndani, ikarudi ndani, herufi zikawa kama chawa, halafu tii! Giza. Na harufu ya kitu kinachoungua.

Mzee Kassian akafanya ishara ya msalaba. Obed hakucheka, na hilo ndilo liliuma zaidi. Alimtazama tu mdogo wake kama tunavyomtazama mtu kwenye msiba. Mabula alisimama na kipande chake cha boksi mkononi, jasho linamtoka, na nikaona macho yake yamejaa machozi.

Mama ndiye aliyeinuka. Alikuja kunusa, akaweka mkono juu ya kitambaa chake, akauondoa haraka.

"Mama yangu! Hii si moto wa chapati? Nani kakifunika namna hii?"

Chumba kizima tulitazama sakafu.

"Mabula," mama akamwita kwa jina lake, "ndiyo maana ulikuwa unapepea?"

Nikafungua mdomo nijibu kwa niaba yake kama kawaida. Lakini akajibu mwenyewe, taratibu, macho chini: "Ndiyo mama. Ina vitundu mgongoni, inapumulia huko. Niliona inakosa pumzi."

"Na wewe ukashindwa kuondoa kitambaa?"

"Ni kitambaa chako, mama. Mimi ni nani wa kukivua?"

Kaka Fridolin, mama alimtazama yule mwanamume mrefu aliyesimama siku zote zile akipepea ng'ombe wake anayekufa, kwa sababu tu hawezi kugusa kitu alichokifuma mama mkwe. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kikohozi kikamshika, akacheka na kikohozi. Obed akafuata, kofia ikamdondoka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Mama alikivua kitambaa mwenyewe, kimepata rangi ya chai katikati ya waridi. Tukaiacha monita ipoe, tukala wali na perege. Tulipowasha tena baada ya chakula, ilianza na kiwingu, halafu herufi zote zikarudi mahali pake, wima mpaka ukingoni. Vigelegele vya mama vilisikika mpaka sokoni. Mzee Kassian aliondoka na kurasa zake akiwa amezikumbatia, na salamu ndefu kuliko zote alizowahi kunipa.

Misa ilikuwa Jumapili iliyopita. Kanisa zima lilishika vijitabu vyangu, na Padre Beno mwenyewe alikuwa nacho altareni. Tangu hapo nimeshapata kazi ya harusi mbili na ya chama cha msingi. Na Obed, yule yule, kabla hajarudi Malinyi alitaka nimwandikie jina la fahali wake kwa herufi kubwa, akalikunja na kulitia kofiani. Alimwambia Mabula kwamba mtamba hakupotea, amehama zizi tu, sasa anakaa ndani ya nyumba. Mabula hajaacha kurudia maneno hayo kwa kila mgeni.

Kingine kizuri ni hiki. Mama akiingia siku hizi, Mabula hatoki. Anavuta kiti chake karibu na mlango, mbali kidogo kwa heshima, na wanazungumza, wenyewe, bila mimi. Jana niliwakuta wanajadili bei ya uzi.

Nisalimie sana wifi Levina na watoto wote. Mwambie wifi kitenge alichonipa ndicho kilichombeba mgeni wetu kutoka Dar. Mzee Kassian anakusalimu, na Mabula anasema wabeja sana, asante ya Kisukuma hiyo, kwa ule ushauri wa vipini. Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, akuponye na hilo goti, na akulete nyumbani kabla mchele mpya haujazeeka.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa. Mama amekifuma upya, kina waridi lile lile, na amenisimamia hapa nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie mwanangu akitandike popote anapopenda. Ila kwanza aweke mkono. Kama kitu kina joto, akiache kipumue. Na kama kuna mkwe amesimama karibu anapepea, amwulize."

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Theodosia