Nyumba Isiyo Kwenye Daftari

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na barua hii imekukuta umeshakula. Mimi mzima, kikohozi kidogo tu cha moshi. Simu zangu hupokei, na msemo wako naujua: simu ni ya dharura, barua ni ya mazungumzo. Basi naandika.

Jumanne tuliitwa mtaani kwenu. Mpigaji alisema, "Njooni, nyuma ya duka la buluu." Baba, duka hilo limepakwa rangi ya njano tangu mwaka jana. Gari la zimamoto lilizunguka dakika kumi na mbili likitafuta buluu. Fundi cherehani aliyeunguliwa nyumba ametoka salama, ila cherehani zake zote mbili zimebaki vyuma. Aliviokota kimoja kimoja mbele yangu, na hilo ndilo linaloniuma.

Ramani yetu inajua barabara kubwa tu. Vichochoro vyenu havina majina, nyumba hazina namba. Wewe umepeleka barua humo miaka thelathini na moja. Tuandikie, nyumba moja moja, kabla hatujachelewa kwa mwingine. Najua bado umeninunia. Nuna, lakini andika.

Mwanao

21 Machi

Kwa Ofisa wa Zimamoto,

Salamu. Goti langu halikuhusu, ila linaendelea vizuri.

Nilikusomesha uwe mwalimu, ukawa, kisha ukatupa chaki ukaenda kukimbilia moto ambao wenye akili wanaukimbia. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini fundi cherehani ndiye aliyenishonea sare zangu zote, kwa hiyo nimeandika. Daftari hilo hapo, nyumba mia mbili na kumi na nne. Nimezizungukia upya kwa miguu, ndiyo maana nimekawia.

Msije mkadhani natania humo ndani. Bwana Haraka hana haraka yoyote, na mbele kwake gari halipiti. Piteni kwa kinyozi. Mbwa wa kinyozi ana kelele, lakini ni mwoga kuliko mimi. Bibi Redio hasikii, msipoteze muda mlangoni, gongeni dirisha la kushoto. Mwalimu wa Hesabu hatembei, yuko chumba cha mwisho.

Duka la buluu nimeliandika la njano.

Mstaafu wa Posta

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti linanihusu, upende usipende.

Daftari lako liko mezani kwa dada anayepokea simu, na haruhusu mtu kuliwekea kikombe juu. Juzi jiko la Bibi Redio lilishika pazia. Tulikwenda moja kwa moja dirisha la kushoto, dakika tano tu. Alitutolea macho akauliza nani katuambia. Nikamjibu, posta.

Sasa tunapita nyumba kwa nyumba kufunga kidude kinachopiga kelele kikinusa moshi. Wenzangu wakija kwako usiwafukuze. Mkuu wa kituo naye anakuomba uje Jumamosi yoyote uwafundishe wenzangu vichochoro. Mimi nitakuwa mafunzoni hadi mwezi ujao, lakini watakupokea.

Jambo moja. Nimehesabu: umeandika nyumba ya kila mtu isipokuwa yako. Nimeiongeza mwenyewe.

Mwanao

12 Aprili

Ofisa,

Salamu. Tarishi hajipelekei barua, ndiyo maana. Nyumba yangu naijua, haina haja ya kuandikwa. Kidude chenu sikitaki, pua ninayo. Hiyo Jumamosi nitaifikiria.

Mstaafu wa Posta

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mafunzo yanaendeleaje, unakula vizuri? Mimi sijambo, ila mkono wa kulia una bandeji, na wa kushoto unaandika kama kuku. Najua wameshakusimulia. Nisikilize na mimi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napiga pasi sare yangu ya zamani nije kituoni. Nikaiacha pasi mezani nikatafuta kofia. Kurudi, meza inawaka. Nikajaribu kuuzima moto kwa mkono, ukaniunguza, nikakimbilia nje, nikapiga simu. Dada akauliza, "Uko wapi, mzee?" Mimi, ninayejua kila mlango wa mtaa huu, nikasema, "Niko nyumbani." Akauliza nyumbani wapi. "Nyumbani kwangu." Neno jingine halikuja. Nimeelekeza watu maisha yangu yote, kwangu sijawahi kumwelekeza mtu.

Dakika nne, gari limefika. Nilikuwa nimeikumbuka kofia, nimegeuka kurudi ndani, mwenzako mmoja akanikamata kiuno kabla sijakanyaga kizingiti. Sebule imeungua, nyumba ipo.

Leo nimekwenda kituoni kumuuliza dada wa simu alijuaje. Akanifungulia ukurasa wa mwisho wa daftari, mwandiko wako:

"215. Mzee atakayesema yuko nyumbani. Mlango wa kijani, mkabala na tangi la maji. Atarudi ndani kufuata kofia, mshikeni. Ni baba yangu."

Nimesoma mara tatu. Nimelia mbele ya watu, na sioni haya. Nilidhani umeacha kazi ya maana. Nilikosea, mwanangu, unisamehe.

Vile vidude nimefunga viwili. Jumamosi hii naanza kufundisha vichochoro. Kofia iliungua, fundi cherehani ananishonea nyingine kwa cherehani ya kuazima, na amesema nikusalimie.

Ukipiga simu nitapokea. Mafunzo yakiisha, njoo nyumbani. Wewe ndiye uliyeandika ni wapi.

Baba yako