Wimbo Rahisi wa Konokono

Jumatatu, 4 Agosti
Kisomo cha watu wazima asubuhi, nafundisha. Wamekuja tisa. Somo la mbolea kwa mara ya tatu, bado wanasoma kama wanang'oa magugu. Nimerudi nyumbani, nimekula ugali na mchicha. Sikusikia ladha. Ndivyo zinavyokwenda siku tangu tumzike Damasi, mume wangu, mwezi wa nne. Nalala. Nakula. Sijalia hata siku moja. Watu wanashangaa, na mimi nashangaa.

Mchana mwenyekiti wa kijiji kaja. Bwana Kenji, Mjapani wa mradi wa mboga, anarudi kwao. Ataagwa Jumamosi ya tarehe 23, na kamati inataka aimbiwe wimbo wa kwao. Mwimbaji ni mimi, eti kwa sababu nilikuwa naongoza kwaya. Nimesema sawa. Wangeniambia nipande juu ya bati ningesema sawa pia.

Jumatano, 6 Agosti
Kwa Bwana Kenji, kuchagua wimbo. Ana kanda yenye muziki mtupu, maneno unatia mwenyewe. Nyimbo zenyewe ni za filamu za katuni, wanazotazama watoto wao kwenye televisheni. Sijaiona televisheni maishani. Anasema kwao watu wazima huenda baa kuimba hizo hizo, na kipaza sauti mkononi. Haya. Kila watu na ulevi wao.

Wa kwanza ulikuwa wa jitu la chuma linalopigana. Mbio mbio, ningejing'ata ulimi. Wa pili, wa msichana na farasi wake, unapanda wanakofika ndege tu. Wa tatu ni wa konokono anayepanda mlima akaone theluji. Polepole, maneno yanajirudia. Nimechukua huo.

Hakunitazama usoni. Hanitazami tangu masika. Yeye ndiye aliyetupakia kwenye Landrover, Damasi amepandwa na homa kichwani, kwenda hospitali mjini. Tukanasa kwenye matope kabla ya barabara kubwa. Bwana Kenji akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Damasi akafia kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Huyu mtu anaamini ni yeye aliyemuua. Nilipaswa kumwambia siyo. Miezi minne sijamwambia. Nikifungua mdomo hakuna kitu. Labda wimbo utasema.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeandika maneno yote ya Kijapani kwa herufi zetu, nyuma ya kitabu cha mahudhurio. Katibu wa tawi kataka kujua wimbo unasema nini. Nimemweleza. Kakunja uso. Konokono ni mfano mbaya kwa wakulima, kasema, watu watajifunza uzembe. Kamwita Bwana Kenji, kamuuliza kama huyo konokono anafika. Anafika, kajibu. Basi, umepitishwa.

Zamani ningecheka.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimekosea. Leo nimeazima redio ya mradi, nimejaribu na kanda peke yangu. Siku zote nilikuwa naimba na Bwana Kenji, sikugundua kwamba ana sehemu yake. Kumbe wimbo ni wa watu wawili. Mmoja anaanzisha, mwingine anaitikia. Kila ubeti, nikimaliza mstari wangu, muziki unabaki peke yake unasubiri mtu.

Kubadilisha haiwezekani, siku zimekwisha. Bwana Kenji hawezi kuitikia, mgeni hajiagi mwenyewe. Kamati wanasema nafasi hiyo iachwe tu.

Kwenye kwaya aliyekuwa ananiitikia ni Damasi. Sauti ya chura. Anachelewa, halafu anang'ang'ania noti ya mwisho, kidole sikioni, wenzake wamekwishanyamaza. Kila Jumapili nilimgombeza njia nzima.

Jumapili, 17 Agosti
Kaja Mwanahawa. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Tulipozika alikuwa Kilosa kwa binti yake, anauguza. Kwa hiyo msiba wa Damasi haukuwa na mtani. Hakuna aliyelala kaburini kutuzuia, hakuna aliyemwigiza marehemu tukacheka. Tulizika kimya kama watu wa ofisini.

Hakukaa hata kwenye kigoda. Kanyoosha mkono, kachukua kofia ya Damasi msumarini.

"Mlimzika bila mimi," kasema. "Kazi yangu sijaimaliza."

Nimekasirika. Lakini mtani hanyang'anywi. Kaondoka nayo kichwani, kanga juu yake. Msumari uko mtupu. Hasira imekaa mpaka kupika, ikaisha.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimejaribu mara tatu. Mstari wa kwanza unatoka. Inakuja ile nafasi, na mstari wa pili hautoki tena. Mara tatu zote.

Nikinyamaza Jumamosi mbele za watu, Bwana Kenji atapanda ndege akiamini nimemkatalia wimbo kwa ajili ya Damasi. Ataishi na jambo hilo mpaka azeeke. Naliona wazi. Wala haliniumi, na hapo ndipo ninapojiogopa.

Jumamosi, 23 Agosti
Wali, maharage, hotuba tatu. Kipaza sauti cha mikutano kilifungwa betri mpya. Nimesimama. Mstari wa kwanza nimeimba. Nafasi ikaja. Mstari wa pili haukutoka.

Kanda haisubiri mtu. Ubeti wa kwanza ukapita mtupu. Watu wakaanza kutazamana. Bwana Kenji aliinamisha uso, anatazama viatu vyake.

Nafasi ya pili ilipofika, kule kwenye masufuria mtu akaitikia. Kachelewa. Sauti ya chura. Akatokea Mwanahawa, kofia ya Damasi imelala upande, anatembea kwa kutupa mguu wa kushoto kama alivyotembea yeye, kidole sikioni. Kijapani hajui hata neno. Kaimba mchicha, bamia, nyanya chungu. Noti ya mwisho kaing'ang'ania mpaka muziki ukampita.

Mtu mmoja akacheka. Kisha mimi. Nimecheka mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko kilio kikatoka, kikubwa, cha miezi minne. Sikukizuia. Ubeti wa tatu nimeuimba nalia, Mwanahawa ananiitikia mboga, na kijiji kizima kinapiga makofi.

Nikamwendea Bwana Kenji na machozi yangu hivyo hivyo.

"Matope yale hukuyaweka wewe," nimemwambia. "Ulichimba. Nilikuona."

Kainama mpaka kiunoni, wanavyofanya kwao. Aliponyanyuka alinitazama usoni.

Jumapili, 24 Agosti
Landrover imeondoka baada ya misa. Barabara kavu. Bwana Kenji kaniachia kanda, ingawa redio ya kuipigia sina.

Macho yamevimba, siwezi kusoma sana. Mwanahawa hajarudisha kofia wala hatarudisha, ndiyo mila. Msumari nimeuacha.

Nimepika mchicha. Nimezidisha chumvi, nimeisikia.