Sindano Nayo Ina Jicho

Jumapili, 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Goti la bibi limetulia. Anakwenda sokoni mwenyewe na anarudi akilalamikia bei, kwa hiyo ujue ni mzima. Natumaini na wewe kile kikohozi kimekuachia.

Samahani kwa leo. Ulipopiga, bibi akanipa simu, nikaishika kwa mikono miwili, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakasema mguu niponye. Ukasikia pumzi tu. Bibi anasema nahema kama mbuzi aliyefukuzwa kwenye shamba la watu. Tangu uondoke sijaweza kuongea kwenye simu, na sijui kwa nini. Kwenye karatasi naweza. Basi naandika, na bibi ataipiga picha akutumie. Kidole chake kitaingia kwenye kona, kama kawaida.

Ameniambia kuhusu hicho kiwanda chako cha nguo. Kwamba uko kwenye majaribio, msimamizi anaongea Kiingereza tu, na asiyeelewana naye anaondolewa kwenye cherehani anapelekwa kukunja na kufunga. Wewe, uliyeshona sare za mtaa mzima! Naomba nikufundishe. Kiingereza nakijua, mama. Kukisema ndiko kunakonishinda.

Tuanze na mwili, maana Waingereza wanabana matumizi: kiungo kimoja wanakipa kazi kumi. Head ni kichwa, na ni mkuu wa shule, na ni mbele ya foleni, na ni sehemu yote ya juu ya cherehani. Foot ni mguu kuanzia kifundo kushuka, na ni chini ya mlima, na ni kile chuma cha cherehani kinachobana kitambaa chini ya sindano. Sisi mkono ni mkono, kuanzia begani mpaka kucha. Wao wameukata: arm huku, hand kule. Hand pia ni mshale wa saa, na ni mfanyakazi. Yaani wewe ni hand. Usikasirike. Sindano nayo ina jicho, eye, pale unapopitisha uzi. Na yale meno ya chini yanayovuta kitambaa, usiniulize kwa nini, wanayaita mbwa.

Usitafsiri. Jiguse, halafu useme.

Mwanao

Jumamosi, 22 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wa mshonaji haujawahi kuwa mzima tangu cherehani ianze kuuzwa. Nakuandikia kwenye mabaki ya karatasi ya kukatia. Huo mstari uliopinda pembeni ni kwapa la mtu.

Somo nimelipata. Najigusa kichwa, head. Najigusa mguu, foot. Mwenzangu wa chumbani, yule anayekaa kwenye ovaloki, cherehani ya kufunga kingo, akaniuliza, "Dada, una viroboto?" Nikamweleza. Sasa tunajigusa wawili.

Ila haya ya mkono yamenichekesha. Kwetu mkono wa birika ni bahili, mwenye mkono mrefu ni mwizi, nao wanadhani wametushinda? Tena nijibu: mfanyakazi wamemwita mkono, kichwa chake wamekiacha wapi?

Kusikia nasikia sasa. Msimamizi akipita nadaka neno hapa na pale. Lakini akinitazama nijibu, mdomo unakuwa wa mtu mwingine. Ukimya huo hukuuokota njiani, mwanangu. Umeurithi.

Na usiniombe samahani kwa sababu ya simu. Anayehema yu hai. Hiyo pumzi ndiyo ninayoipigia.

Mama yako

Jumapili, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Hatujambo, ila bibi amekasirika kwamba ulisema mgongo hukusema umeupaka nini. Anataka jibu.

Kuhusu kichwa cha mfanyakazi: nimetafuta, sijaona. Nadhani wanakiacha getini.

Leo nakupa mawili tu. Face ni uso, lakini pia ni kitendo, kulikabili jambo. Yaani unaligeuzia uso. Na back ni mgongo. Sisi tukimpenda mtu tunamuunga mkono, tukimchoka tunampa mgongo. Wao mgongo huohuo ndio wa kumuunga mtu: to back. Nilipolijua hili nilitaka kumwambia mtu darasani, ila darasani mimi ni Redio Bila Betri. Ndilo jina langu siku hizi. Mwalimu ananisifia insha, kisha anasema, "Simama uisome," nami nasimama, na hapo ndipo mwisho wa habari. Wanaanza kucheka kabla hata sijafungua mdomo.

Kwa hiyo nakwambia wewe. Nakupa mgongo, mama. Kwa Kiingereza.

Mwanao

Jumapili, 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Jumapili iliyopita simu haikulia. Leo tena haikulia. Bibi anasema kimya kingi kina mshindo mkuu, kisha anakwenda kuiangalia simu kama ina chaji. Kama wamekupeleka kufunga maboksi, sawa tu. Kufunga nako ni kazi.

Mwanao

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na mwambie bibi yako nimepaka mafuta ya karafuu. Simu ilikuwa na salio. Mimi ndiye sikuwa nalo moyoni.

Msimamizi alinijia siku cherehani yangu ilipokuwa ikiruka mishono tangu asubuhi. Akaniuliza kuna nini. Maneno yote yakaniaga. Wenzangu wakaacha kushona, na hujui kimya mpaka uwe kiwandani cherehani zote zikisimama. Basi nikapiga moyo konde, nikainua mguu juu, nikaupiga kofi: "Foot!" Kandambili ikachomoka, ikaruka, ikatua kwenye meza ya ovaloki.

Walicheka! Yule wa ovaloki alilala juu ya kitambaa. Msimamizi mwenyewe alijifuta machozi. Mimi nilisimama na mguu mmoja wazi nikingoja kufa.

Sikufa, mwanangu. Walicheka, wakachoka, wakanyamaza, nami bado nipo. Nikasema tena, "Foot. Not hold." Akainama, akakuta skrubu imelegea. Akaikaza, akaondoka bila neno. Tangu hapo sikulala vizuri, nikiamini nimefukuzwa, na sikutaka uisikie sauti yangu ikiwa hivyo.

Jana ameniita. Nabaki kwenye cherehani. Kiwanda kizima kinaniita Mama Foot, nami naitika.

Umri wote huu nimekiogopa kicheko, kumbe ni kifupi hivi. Asante, mwalimu wangu. Wengi wamenipa mkono. Wewe ulinipa na mgongo.

Mama yako

Jumatatu, 14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika ili ujue kwamba jana sikukasirika.

Nilipomwomba bibi simu nikupigie, alinitazama kama nimeomba hati ya nyumba. Ulipopokea nikasema, "Shikamoo mama, ni mimi." Sauti ilitoka nyembamba, ikapasuka katikati, na bibi akaangua kicheko kule jikoni. Nikangoja. Sikufa. Nikaendelea: sare imenibana mabega, goti la bibi limeanza tena, Alhamisi nilisoma darasani nusu ya insha yangu kuhusu cherehani, nusu nyingine mwalimu akanisaidia. Walicheka kidogo, kisha mmoja akauliza kama ni kweli meno yanaitwa mbwa.

Ndipo nikagundua husemi kitu. Nikadhani mtandao. Nikaita, "Mama?" Pumzi tu. Nikaita tena. Pumzi, na kitu kama mtu anavuta kamasi.

Kwa mara ya kwanza nikajua upande wako ulivyokuwa Jumapili zote zile. Kushika simu, kuita, kutojibiwa, na kutokata. Asante kwa kutokata, mama. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo, kwa sababu kila nilipotaka kulisema kulikuwa na simu sikioni.

Jumapili usijipange maneno. Wewe hema, nitaongea mimi.

Mwanao mwenye mdomo