Mkia wa Barua Zangu

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi amepiga simu kulalamika. Anasema kila barua pepe yangu inafika na mkia – kitu kimeambatishwa chini, na mjukuu wake amemkataza kufungua asichokijua. Nikamwambia sijaambatisha chochote. Akacheka. Eti uzee hauji peke yake, mwanangu, huja na wageni.

Nimezikagua zote nilizotuma. Safi. Maneno yangu, jina langu, basi. Lakini Shangazi, ingawa macho yake yamefifia, hajawahi kuona kisichokuwepo.

Jumanne, 5 Machi

Binamu yangu dereva naye anaupata mkia. Alishaufungua siku nyingi, anasema ni kadi yangu tu, akashangaa ninauliza. Kadi gani? Simu ikakatika.

Wakati wenyewe ndio huu! Jumatatu ijayo ukoo unapaswa kutaja mtu mmoja wa kwenda nyumbani kupokea ufunguo wa nyumba ya Baba. Tumeingojea irudishwe tangu tulipofukuzwa, mabegi ya shule yamejaa vyombo. Mwaka mzima nimewaandikia ndugu waliotawanyika huku na huko: mpaka wa kiwanja, majirani waliotuona tukiishi pale, bawaba ya chini ya mlango, jinsi ilivyolia, na Mama akajua nani kaingia bila kugeuka. Shemeji – mume wa mdogo wangu, mwenyekiti wa kamati yetu ya nyumba – hajaandika hata mstari. Mlango wenyewe anaujua kwa picha.

Nimeisafisha kompyuta virusi. Nimeizima, nimeiwasha. Mkia uko palepale.

Jumatano, 6 Machi

Nimeibeba hadi kwa fundi, yule mama aliye nyuma ya duka la miwani. Aliniuliza kwanza: ukituma kwa simu, mkia upo? Tukajaribu. Haupo. Tukajituma barua kutoka kwenye kompyuta, tukaifungua kwenye simu. Huo hapo! Basi ugonjwa si anwani, ni mashine. Akaingia kwenye mipangilio na kukuta kisanduku kimetiwa alama ya vema: ambatisha kadi yangu kwenye kila barua. Mtumaji haioni. Anayepokea ndiye huiona.

Akaifungua. Jina langu. Chini yake: K.n.y. Mwenyekiti.

Kwa niaba ya Mwenyekiti. Herufi tatu! Nimekula mkate wangu kwa kusahihisha vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji, najua uzito wa herufi. Anayeweka k.n.y. chini ya jina lake amekabidhi maneno yake kwa mwingine. Yeye ni mkono tu.

Fundi akauliza mwenyekiti ni nani. Ni yule aliyeniwekea barua pepe kwenye mashine hii, siku alipokuja na keki na kunisihi niende nikapumzike.

Akataka kuitoa alama. Nikamshika mkono. Bado, mama. Iache.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia tena binamu, nikamchokonoa polepole. Akanimwagia yote. Kwani si shemeji ndiye anayesema, wewe unamwandikia tu? Wote wanajua hivyo. Barua ya bawaba ilimtoa machozi. Akamwambia mkewe, mkwe wetu ana moyo. Nami huandika "Baba" na "Mama" tu, kama mkwe yeyote angeandika. Nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

Wameshakubaliana. Aende shemeji.

Nikaguna. Nikilalamika leo nitakuwa mzee anayelilia herufi tatu. Nimetembea chumbani hadi mpangaji wa chini akagonga dari. Nampongeza mgongaji: amenikumbusha kutulia. Kisasi hakitaki kelele.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeandika. Kwa kompyuta – simu nimeifungia kabatini.

"Ndugu zangu, nimetafakari. Mlango ule haukunilea. Ufunguo wa Baba haufai kupokewa na mkono ulioingia kwa ndoa. Naomba aende mwanawe. Msinibembeleze, nimeamua."

Jina langu chini. Sikughushi sahihi ya mtu. Kadi yake ndiyo itakayosema ni nani anayezungumza. Nilisahihisha mara mbili, nikahamisha koma, nikatuma.

Utamu ulioje!

Jumamosi, 9 Machi

Majibu yanamiminika. Mkwe mwenye adabu. Mkwe anayejijua. Shangazi, ambaye mjukuu wake sasa amemfungulia mkia, amemwombea dua ndefu na kuniagiza niifikishe neno kwa neno.

Yaani hata kisasi changu kimempa sifa yeye!

Lakini wamekubali. Nitakwenda mimi.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja wote wawili. Mdogo wangu ana uso wa bibi harusi. Ameshawasimulia majirani wote wa ghorofa lao jinsi mume wake alivyoacha heshima ipite kwa kaka yake. Akanishika mikono, akalia kidogo. Sijamwona hivi tangu alipozaa.

Shemeji alikaa akiizungusha chai bila kuinywa. Akane? Itabidi aseme kwanza nani aliyenining'inizia mkia. Mdogo wangu alipoingia jikoni, akanisogelea.

"Shemeji, kwenye kompyuta yako kuna kiambatisho kidogo. Hebu nikutolee."

"Kiambatisho gani, shemeji? Kwangu mimi barua zote ni safi."

Akautazama mlango wa chumba changu. Nami nikautazama.

Hapo mdogo wangu akatoka na simu, Shangazi yuko hewani, sauti imefunguliwa. Anataka kusikia kwa masikio yake.

"Haya, mkwe wangu," Shangazi akasema, "nisomee mwenyewe hiyo barua yako."

Shemeji akasema hana nakala. Mdogo wangu akasema kaka anayo, akuchapie. Ataiweka kwenye fremu.

Niko chumbani. Naandika haya nikiwa nimesimama, mashine imewaka, nimefungua nakala niliyojitumia. Sebuleni mdogo wangu anacheka na Shangazi, shemeji simsikii. Kompyuta inaniuliza: chapa pamoja na kiambatisho? Ndiyo. Hapana. Nikisema ndiyo, maneno yatabaki ya shemeji; nikisema hapana, litaonekana jina langu peke yake, na mdogo wangu atauliza kwa nini.

Niliungoja ukurasa huu. Atausoma mdogo wangu kwanza – tangu utoto hunipokonya karatasi mkononi.

"Kaka, mbona unachelewa?"

Nimemjibu nakuja. Kidole kiko juu ya