Kipimo cha Mbuzi ya Nazi

Mjukuu wangu Suleiman,

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima. Bibi yako mguu umepona, na karafuu zimeanza kuanikwa. Uwanja wote unanukia.

Unataka inchi za mbuzi ya nazi, umchongee mama mkwe wako. Nimezitafuta katika shajara yangu ya mwaka 1959, nikakumbuka kwa nini sikuziandika.

Posa yangu ilikuwa bado haijajibiwa. Ulimi wa mbuzi niliukata katika panga kuukuu, meno nikayachonga kwa tupa, na urefu wa kiti nikaupima kwa miguu yangu mwenyewe. Ningempimaje mama wa mchumba, na hata kumtazama naona haya?

Nikaipeleka, nikangoja barazani. Sauti yake ikatoka ndani:

"Miguu haigusi chini! Hii mbuzi au punda? Nikune nazi au niende nayo bandarini Wesha?"

Nyumba nzima ikacheka. Nikanyanyuka niondoke, nikijua posa imekwisha.

"Usikimbie, mwanangu! Kuona haya hakukuni nazi. Meno yake mazuri, ila nishushe."

Akakata chelewa, kijiti cha ukuti wa mnazi, sawasawa na urefu wa goti lake, akampa binti yake aniletee barazani. Jioni ile nikaipunguza mbuzi kwa msumeno, na wiki haikwisha posa ikajibiwa.

Basi inchi sina. Omba chelewa, mjukuu wangu. Yangu aliileta bibi yako, na hadi leo akikaa kukuna nazi huniuliza kama punda amekula.

Babu yako