Kilima cha Miaka Bilioni Mbili

Basi limeshatoka getini. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa na hakuna anayenitazama.

Unakumbuka nilivyomwambia yule profesa wa mawe kwamba nchi hii naijua, nimechimba shaba huku ujanani? Nilichimba miezi miwili. Kwa hilo akanipa kazi ya kuwaongoza wanafunzi wake, kazi niliyoililia mwaka mzima.

Leo nikawapeleka kwenye kilima cheusi kinachong'aa, nilichokuwa nakiona kwa mbali enzi zile. Profesa akapiga magoti. Akabandua kipande kwa nyundo, akakilamba, ndivyo wafanyavyo, akasema, "Vijana, andikeni. Miaka bilioni mbili."

Wakaandika kurasa nne, bwana. Nne!

Akaja mama mlinzi wa geti la mgodi, kikombe cha chai mkononi. "Shikamooni wazee. Mnatafuta nini kwenye mavi ya shaba?"

Profesa akamwonyesha kile kipande.

"Haya ni makapi ya tanuri la kuyeyushia shaba, baba. Aliyamwaga mume wangu, mwaka ule nilipomzaa kifungua mimba."

Mwanafunzi mmoja, kalamu tayari, akauliza, "Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

Bilioni mbili, mwenzangu. Thelathini na mmoja.

Sasa mama karudi kibandani kwake. Wanafunzi wanafuta. Profesa kakaa mbele, kipande kile mapajani, hajakitupa. Mimi sijafukuzwa. Kunifukuza kunataka barua kwa mkuu wa chuo, na barua lazima iseme sababu.